Seli Zimelala

Jumanne

Itangazwe Bagamoyo nzima: leo mimi, mwalimu mzima, nimeshindwa na muhogo wa kuchoma. Jino la mbele linacheza, ufizi umeliachia.

Daktari wa meno aliniambia zipo seli hai za kuotesha ufizi upya, ila bado zinajaribiwa, kwetu hazijafika. Wifi yangu akacheka: "Zikiota, wifi, niite tupalilie!"

Sasa leo sokoni bwana mmoja anauza "seli hai" kwenye chupa, juani! Mchana kweupe! Nikamuuliza, kama ni hai, zinakula nini humo?

"Mama, zimelala."

Zimelala! Nimemwambia wifi kwamba nilimfokea mpaka watu wakajaa.

Ukweli, sikumfokea. Nilinunua, na nimeshajipaka. Nilitamani mno ziwe zimelala tu.