Jina la Mama Mkwe

Mlimba

Baba Ritha wangu,

Ritha ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba. Mpunga umechanua. Kitandani nalala upande wangu tu, ule wako nauacha.

Nesi Yosefina, wa hospitali uliyopelekwa na mahakama, alinipigia simu. Anasema madaktari wakikuuliza ulichoma nyumba ya nani ulipougua, unainama kimya. Wanaona hukumbuki, kwa hiyo hujapona, na hawawezi kukuruhusu kurudi.

Nikamwambia, "Dada, anakumbuka vizuri. Nyumba ni ya mama yangu, na kwetu mwanaume hatamki jina la mama mkwe wake."

"Hilo hatukuwahi kumuuliza mtu," akasema. Atawaeleza, na wiki ijayo watakuita tena.

Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akakaa chini. "Nyumba yangu ameichoma, jina langu ndilo analoliogopa? Mwambie alitaje, nimemruhusu. Arudi aniezekee nyingine."

Basi litaje, mume wangu, hata kwa sauti ndogo. Mama mwenyewe amesema.

Anayekuwaza kila saa,
Mama Ritha