Kazi Isiyo na Hesabu Iko Wapi?

Mpendwa Mama Waithera, nisaidie kwa swali ambalo hapa Zombe nikiliuliza watu wanacheka: kuna kazi ya mtu mwaminifu asiyependa hesabu? Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka juzi, sina tabia ya kuchelewa, hata funguo za kanisa ninaweka mimi, lakini nikiona safu ya tarakimu kichwa kinafunga kabisa, na sasa baba amenitafutia kazi ya karani wa hesabu kwa rafiki yake Bwana Thuo, mwenye duka la jumla kule Sultan Hamud, nianze mwezi ujao, na kanisa zima limeshaniombea.

Basi nimeanza kuchunguza watu. Fundi wa nguo anapima, mwashi anapima, hata mchungaji anahesabu sadaka, nikamuuliza mama kama kuna aliyeponyoka akasema, "Mbula, labda wafu."

Halafu mwezi jana nilimpeleka shangazi hospitali Kitui, na daktari mmoja asiyejua Kikamba akatoka akauliza nani anaweza kumtafsiria mgonjwa mwingine, mama mmoja aliyekuja na mumewe, nikainuka. Mama huyo hakutaka mume awepo, nikamwambia daktari, mume akatolewa nje, ndipo mama akasema yote, nami nikayasema vile vile bila kuongeza wala kupunguza, hata pale nilipoona haya. Nilipotoka mume akanishika mkono, "Mke wangu amesema nini?" Nikamjibu, "Muulize yeye, baba." Alinitukana mbele ya watu lakini sikusema. Daktari akaniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia nitaanza kwenye duka la Bwana Thuo, kuandika hesabu, akasema tu, "Aa," na hiyo "Aa" mpaka leo hainitoki. Je, kuna kazi kama ile, ama ilikuwa bahati ya siku moja? Na baba nitamwambia nini?

Mbula, Zombe

JIBU

Mbula, nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta yule mama alisema nini. Hukuandika. Vizuri sana.

Sasa nikukemee kidogo. Unachunguza mafundi na wachungaji wa watu, na ile kazi uliyoifanya mwenyewe hujaenda kuiulizia! Kazi isiyo na tarakimu kabisa hutaipata, hata muuguzi hupima dawa. Tafuta ile ambayo tarakimu si kazi yenyewe. Mahakamani wanaajiri wakalimani, na mtu anaweza kufungwa kwa neno moja lililotafsiriwa vibaya. Shule za bweni zinataka walezi wa wasichana. Watu wa ustawi wa jamii nao hutafuta wasaidizi wa kuzunguka vijijini.

Nenda mahakama ya Kitui wiki hii, ukae kwenye benchi la wasikilizaji, umsikilize mkalimani, akimaliza umuulize alianzaje. Pitia kwa yule daktari umwombe barua ya kukupendekeza. Bwana Thuo umwambie wewe mwenyewe, mapema, apate kutafuta mwingine.

Lakini baba asikie kwanza, mama akiwepo. Usimwambie unaogopa hesabu, atasema utazoea. Mwambie kazi unayoitaka, na kwamba umeshaenda kuiulizia. Atakasirika, maana alimwomba rafiki yake, na aibu hiyo ni yake kweli. Usibishane, usilie, wala usitoke nje kabla hajamaliza. Ukiona amenyamaza, mwombe nauli ya kurudi Kitui.