Nimerudi, Mama

Dada yangu mpenzi,

Mwambie mama ashushe presha, nimepata chumba. Mabweni ya chuo yalijaa, wakasema sisi wa uzamili tujitafutie. Dalali alinizungusha mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Chumba kimoja alichokisifia sana kilikuwa stoo ya mbao, na mbao bado zilikuwemo!

Hiki kina dirisha, meza na kodi nafuu. Mwenye nyumba ni mama mmoja mpole, macho yake hayaoni vizuri. Kilikuwa cha binti yake marehemu, aliyesoma chuo hikihiki. Sikuuliza alikufaje, unafuu wa kodi ulinifunga mdomo. Sharti lake ni moja tu: kila jioni akiuliza kutoka jikoni, "Umerudi?", nijibu, "Nimerudi, mama." Nikaona ni jambo dogo. Nikawa najibu, naye anaendelea kupika huku akiimba.

Jana nilichelewa maktaba. Nilipofika getini nikamsikia anauliza, "Umerudi?" Kabla sijafungua mdomo, kutoka chumbani kwangu mtu akajibu, "Nimerudi, mama."

Dada, ilikuwa sauti yangu.

Nilikwenda kutazama mlango wangu. Kufuli lilikuwa palepale, nimelifunga mwenyewe asubuhi.

Hayo usimwambie mama. Nitahama nikipata pengine. Ila nikikupigia simu, niulize kwanza jina ulilokuwa ukiniita utotoni. Nikishindwa kulitaja, kata.

Ni mimi mwenyewe,
mdogo wako