Vigae Thelathini na Kimoja

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeapa mbele ya daftari langu kwamba mwaka huu nitakueleza kila kitu, hata yanayonitia aibu. Lakini kwanza, hujambo? Mguu unaendeleaje na kusimama getini kutwa nzima? Na mama, kifua kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kinachougua.

Katika jaribio la kwanza nimepata kumi na moja kati ya arobaini. Hilo ndilo la aibu. Somo lenyewe linaitwa hisabati bainifu, yaani hesabu za vitu vinavyosimama kimoja kimoja, kama watu kwenye foleni au mafundo kwenye kamba, si vitu vya kumiminika kama maji. Nilidhani litakuwa rahisi. Kumbe kuhesabu ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Mwalimu wetu tumempa jina la Mama Kwa Nini. Ukikosea anauliza kwa nini. Ukipata, anauliza vilevile. Juzi alisimama nyuma yangu akaona nimehesabu kitu kimoja mara sita. Akasema, "Wewe binti, unahesabu kama mtu anayetafuta kosa lake." Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini maneno yaliniingia. Wewe unajua ni tangu lini sijiamini nikihesabu. Ni tangu ukumbi ule, nikiwa na miaka kumi.

Msalimie mama sana.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mguu unalalamika asubuhi, ukipata chai unanyamaza. Mama yako anakohoa kidogo tu, anakusalimu, anasema ule vizuri na usiazimishe blanketi lako.

Kumi na moja si sifuri. Mimi nikihesabu magari yanayoingia hapa getini napotea kabla hayajafika kumi, na bado wananiita mlinzi.

Mambo ya ukumbi usiniandikie. Yalikwisha. Ule mfuko wa vifaa vya vigae ulioko chini ya kitanda, mama yako amechoka kuuzunguka na ufagio miaka yote hii. Fundi wa mtaa wa pili ameuomba. Nimemwambia aje siku ya mwisho ya mwezi wa tano, akirudi kutoka kazini mbali. Kwake utafanya kazi. Kwangu unakusanya vumbi.

Soma.

Baba yako


23 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu hauna neno na mama analala vizuri. Nisamehe, nakwenda kinyume na agizo lako. Nakuandikia habari za ukumbi. Tafadhali usiikunje barua hii kabla ya kufika mwisho.

Jumatatu Mama Kwa Nini alichora ubaoni miraba minane kwa minane, kama bao la drafti. Akafuta mraba wa pembe moja ya juu, na mwingine wa pembe inayoutazama kwa mshazari kule chini. Akasema, "Nina vipande thelathini na kimoja. Kila kipande kinafunika miraba miwili iliyopakana. Vitaenea bila kukata hata kimoja?"

Baba, niliutambua mchoro ule. Ulikuwa ukumbi wetu, ule uliouwekea vigae. Nguzo mbili kwenye pembe zinazotazamana, moja karibu na mlango na nyingine kule dirishani, na vile vigae virefu vya mwenye nyumba vilivyotoka mbali, thelathini na kimoja kamili.

Nilinyoosha mkono kabla ya mtu yeyote. Nikasema, "Kwa idadi vinatosha, mwalimu. Lakini havitaenea. Itabaki miraba miwili, mmoja huku na mmoja kule."

"Kwa nini?"

"Sijui. Baba yangu alijaribu siku tatu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alinipa chaki ya rangi akaniambia, "Njoo upake, mraba mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mpaka uishe."

Nikapaka. Sasa chukua bao lako la drafti, uweke mbele yako, utazame ninavyokueleza. Kila kigae, ukikilaza au ukikisimamisha, lazima kikalie mweupe mmoja na mwekundu mmoja. Hakina ujanja mwingine. Kwa hiyo vigae thelathini na kimoja vinataka myeupe thelathini na mmoja na myekundu thelathini na mmoja. Lakini pembe mbili zinazotazamana ni za rangi moja! Nguzo zilipozikalia, zilimeza myeupe miwili. Ikabaki myeupe thelathini na myekundu thelathini na miwili. Ukipanga utakavyopanga, mwisho utabaki na myekundu miwili, na myekundu miwili haipakani kamwe.

Mwalimu akaniuliza baba yangu ni nani. Nikasema ni fundi wa vigae. Sikusema alikuwa. Akaniambia, "Mwandikie kwamba angepanga hata miaka mia, visingeenea. Kwa mkono wa mtu yeyote."

Sasa yangu. Siku ile uliniuliza, "Vinatosha, mama?" Nikatembea juu ya kamba ulizovuta kugawa sakafu, nikahesabu miraba sitini na miwili, nikagawa kwa mbili, nikakujibu, "Vinatosha kabisa, baba." Ukaenda ukamwahidi mwenye nyumba kwamba hutakata hata kimoja. Ulipanga, ukapangua. Siku ya nne ulikata kigae kimoja katikati, ukaziba miraba miwili iliyobaki, naye akakufukuza mbele ya mafundi wote. Tangu hapo wakawa wanakuita Fundi Mbili, wanakuuliza barabarani nafasi zimebaki ngapi leo. Miaka kumi nimelala na kuamka nikijua kwamba ni mimi niliyekutoa kwenye kazi yako.

Kuna neno ulilomwambia mwenye nyumba siku ile. Nimeapa kuandika yote, lakini hilo mkono unakataa.

Usimpe yule fundi mfuko, baba. Nakuomba.

Mwanao


21 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Wiki nne zimepita na sijapata hata mstari mmoja. Kila siku baada ya vipindi napita ofisini kwa karani wa barua, na siku hizi anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama nimekukosea kwa kuandika, niambie. Kama ni mgonjwa, mama aniandikie. Siku ya mwisho ya mwezi iko karibu.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi, na hujanikosea. Mama yako kapona kikohozi, sasa ananigombeza kwa sauti safi. Anasema nimekutesa kwa kukaa kimya, na kwa hilo sina la kujitetea.

Barua yako niliisoma nikaiweka mfukoni mwa sare. Siku ya pili nikaitoa, nikakata vipande vya katoni thelathini na kimoja, nikavipima juu ya bao la drafti, kizibo kimoja pembe hii na kizibo kingine pembe ile. Mwenzangu wa zamu akaniona. "Unacheza na nani, na nafsi yako?" Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu wa bintiyo mwongo. Lete hapa, navimaliza kabla ya chai."

Chai ikaja ikapoa. Kesho yake akaja na vipande vyake mwenyewe, akidai vyangu nimevikata vibaya. Siku ya tatu alisukuma bao akasema, "Bwana, hili bao lina roho mbaya." Nikamwonyesha rangi kama ulivyonionyesha. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo siku zile ulikuwa sawa?" Nilikwenda kusimama getini ingawa hapakuwa na gari.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu ya neno lile unaloshindwa kuliandika. Wacha niliandike mimi, maana ni langu. Mwenye nyumba aliniuliza ni fundi gani asiyejua hesabu. Nikakunyooshea mwiko, mtoto wa miaka kumi umeshika ndoo, nikasema, "Huyu ndiye aliyehesabu. Kosa ni lake." Nilikuona ukiitua ile ndoo taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mwanangu, si mwenye nyumba aliyenitoa kwenye vigae. Nilishindwa kushika tena ule mwiko niliokunyooshea.

Ulihesabu sawasawa. Sitini na miwili ni sitini na miwili. Nisamehe.

Fundi alikuja siku ile ile tuliyopatana. Ahadi ni ahadi, nikampa mfuko. Lakini mwiko na kamba nilivitoa kwanza. Akasema, "Mzee, mbona umebakiza?" Nikamwambia nina kazi ndogo. Haikuwa kweli wakati ule. Jana nimeifanya iwe kweli. Bafu letu sisi walinzi lilikuwa limeng'oka vigae vinne mlangoni, nikavirudisha. Kimoja hakikutosha, nikakikata. Nilikikata mchana, mbele za watu, na mwenzangu akanishikia taa ya tochi bila sababu yoyote, jua likiwa utosini.

Baba yako


12 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini nanyi wote ni wazima. Barua yako nimeisomea ngazini, kabla ya kufika chumbani. Ulichoniomba nilikupa zamani sana, ila sikujua kwamba unakisubiri.

Mtihani wa mwisho ulikuwa jana. Swali la nne nililihesabu mara moja tu, nikaweka kalamu chini. Mama Kwa Nini alikuwa akipita kati ya madawati. Alitazama karatasi yangu, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Nafika nyumbani tarehe ishirini na tisa, kwa likizo ya wiki sita. Nimekuwa nikikifikiria chumba chetu cha mbele. Umeweka sakafu za nyumba za watu, na ya kwetu ni saruji tupu tangu nizaliwe. Mwiko unao, kamba unayo, vifaa vingine utaviazima kwa yule fundi, hawezi kukunyima kilichokuwa chako. Vigae tutakata popote panapohitaji kukatwa. Mimi nitashika ndoo.

Lakini lazima tujue miraba mapema, na kuna ile pembe ya kabati na ile ya mlango wa jikoni. Kwa hiyo nijibu upesi, kabla sijafunga sanduku: safari hii nani atahesabu, baba, wewe au mimi?

Mwanao