Vimraba vya Kushoto

Jumatano, 5 Machi

Ramani ya Kaka imefika! Ya kwanza tangu aanguke bafuni mwezi uliopita. Nimepiga kigelegele hapa saluni mpaka mteja akauliza kama nimeposwa. Kichwa chake nilikuwa nimekisuka nusu. Akasubiri, maskini.

Pango lenye vyumba, penseli na rula kama kawaida yake. Yeye anachora kwenye karatasi, anapiga picha, ananitumia. Mimi naiingiza kwenye programu ya mchezo wetu wa mashujaa na mazimwi, naikuza au naipunguza mpaka vimraba vyake vilale juu ya vimraba vya skrini, kila kete ipate pa kukaa. Kwa ramani za Kaka kazi hii huisha kabla chai haijapoa. Mkono wake ni mashine.

Leo imegoma. Kulia vimekaa vizuri. Kushoto — vurugu tupu! Vipana, vimepinda, na ukuta wa mwisho haupo kabisa. Nikipunguza ili kushoto kukae, kulia kunaharibika. Nimemwambia apige picha upya, simu aliishika upande.

Alhamisi, 6 Machi

Picha mpya. Yale yale! Nikampigia. Akasema programu imezeeka kama mwenyewe. Mtu mbaya huyu. Lakini kicheko chake kimerudi, nikasahau hata kubishana.

Jumatatu anarudi kwenye basi lake la shule. Hospitali walimtaka akapimwe tena kabla ya kushika usukani. Anasema kashapona, apimwe nini. Wifi, mkewe, kachoka kumwambia.

Mwishowe nimeikata ramani vipande viwili, nikarekebisha ukubwa wa kila kimoja peke yake, ukuta nikauchora mwenyewe. Asijue. Atanuna wiki nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Tumecheza mchana. Mimi msimulizi, Kaka na shujaa wake wa shoka, na Chura — rafiki yetu tangu shule, tunamwita hivyo kwa sababu ya sauti. Kila mtu kwake, tunaongea kwa spika.

Nikaweka zimwi upande wa kushoto wa chumba. Jekundu, kubwa, limejaza miraba minne. Kaka akasema chumba kitupu, napita. Chura alicheka mpaka akapaliwa. "Linakupumulia sikioni, bwana!" Kaka akasema tuache utani. Tukadhani anaigiza. Kumbe kakasirika kweli! Eti nimeipunguza ramani yake mpaka nusu imepotea, nani kanituma kuchezea kazi ya watu.

Nikatahayari, maana ni kweli niliikata. Nikakagua haraka: ipo nzima. Mimi naliona zimwi, Chura analiona. Nikamwambia Kaka aiburute ramani yote aisogeze kulia.

Akaiburuta.

"Lo," akasema. "Hili limetoka wapi?"

Chura hakucheka tena. Nikasema tuishie hapo, kuna mteja mlangoni. Hakukuwa na mteja.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwao. Wifi akaleta chai. Kikombe cha Kaka nikakisogeza kushoto kwake, makusudi. Nilijichukia. Tukaongea habari za huyu na yule, na mwisho akamuuliza mkewe: leo mimi sinywi? Wifi akacheka, akadhani mzaha. Kisha akakitazama kile kikombe, akaacha kucheka.

Jikoni akaniambia siku hizi Kaka anakula upande mmoja tu wa sahani, halafu anasema kashiba. Yeye akidhani hamu ya kula haijarudi.

Nikarudi sebuleni, nikamwambia waziwazi. Kaka, kushoto huoni. Kesho usiendeshe. Akasema kompyuta si barabara, mimi na michezo yangu. Nikamwambia mchezo ni wewe uliyenifundisha! Akasema, taratibu kabisa: "Bila lile basi mimi ni nani, mdogo wangu?"

Huyu ndiye aliyekuwa akikimbia pembeni yangu ameshika kiti cha baiskeli, ananiambia sikuachii, kanyaga tu. Nimelia njia nzima kurudi.

Amekubali jambo moja: hataondoka bila mimi. Nitapanda naye. Nadhani alitaka tu nimwache apumzike.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye simu, kiti cha nyuma yake. Basi tupu, bado tuko uani mwa shule. Watoto wako kwao, wanasubiri kupitiwa. Wifi yuko ofisini kwa mkuu wa usafiri, amekwenda kusema. Ametuma ujumbe: mkuu hajafika.

Kaka kavaa shati la kazi. Kalipiga pasi mwenyewe, mkono wa kulia tu. Wa kushoto umejikunja kama ulivyotoka kwenye kamba.

Mlinzi kapanda ngazi ya mlango, kaweka funguo juu ya dashibodi. Karibu tena, dereva, tulikumiss! Kaka kashukuru kwa sauti kubwa, kafurahi mno. Kioo karekebisha. Koti kavua.

Sasa anazitafuta funguo. Mfukoni. Chini ya kiti. Mfukoni tena. Jasho linamtoka.

Kanigeukia. "Mdogo wangu, mambo haya siyapendi. Lete funguo. Watoto watachelewa."

Nimemwonyesha mikono yangu miwili.

"Usinifanye mtoto," anasema.

Sijazigusa. Ziko palepale mlinzi alipoziacha, kushoto kwake, hata mkono hahitaji kuunyoosha.