Mafaili Niliyoyaacha Wazi

Mtua, Nachingwea
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Mwangaluka mayu. Sijui barua hii itakukuta shambani au jikoni, ila naomba ikukute umesimama kwa miguu yako, na lile goti limekubali kukunjika. Baba hajambo? Kikohozi kimemwacha, au bado kinamgombanisha na ugoro wake? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kupiga simu. Simu yako naijua, mama: ikiita tu unaiweka sauti kubwa, ukoo mzima unakaa chini kusikiliza. Barua hii nampa Dotto, anarudi huko kuoa. Kwa haraka aliyonayo atafika kabla ya basi lenyewe.

Kwa baba mdogo Masanja nakaa vizuri. Asubuhi napanda bodaboda kwenda ofisini Nachingwea mjini, jioni narudi Mtua nakula ugali kwa maziwa kama vile sijaondoka Usukumani. Mama mdogo akimaliza kukamua hujaza kidumu kimoja na kukipeleka kwa jirani yetu, Bi Somoe. Huyu ni mama mtu mzima wa Kimwera, ana mikorosho na shamba la mbaazi ng'ambo ya korongo. Tangu baba mdogo ahamie huku na ng'ombe wake, kidumu hicho hakijawahi kurudi kitupu. Kinarudi na mihogo, au mboga ya kunde. Hata wale wanaosema wafugaji tumekuja kuharibu nchi ya watu, wakiona kidumu kile kinapita hukosa la kusema.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze. Natunza kompyuta ya chama cha wakulima, ile inayohifadhi taarifa za wanachama wa Nachingwea na Ruangwa ili wazione kwenye simu. Ng'ombe wakiingia shambani, mkulima huandikisha malalamiko yake humo, yanakuwa faili lenye namba. Wazee walitaka namba zifuatane kama stakabadhi za ghalani, wasije wakazisahau, nasi tukakubali.

Sasa, zizini kwetu ndama akizaliwa hujulikana ni wa nani kabla hajasimama. Faili nalo likizaliwa hupewa masharti papo hapo: mwenyewe anaruhusiwa nini, kundi lake linaruhusiwa nini, na watu baki wanaruhusiwa nini. Masharti hayo ya kuzaliwa niliyaweka mimi. Siku moja picha za mashamba ziligoma kuonekana, wageni wa wilaya wamekaa kwenye viti, mkuu wangu anatazama saa, ananitazama mimi. Dawa yake ilikuwa kuziweka programu mbili, inayopokea picha na inayozionyesha, kwenye kundi moja, kazi ya nusu saa. Mimi nikapita njia ya mkato: kila faili jipya, hata mtu baki alisome. Picha zikatokea, nikapigiwa makofi. Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho yangu unaijua, mama, ulishanichapa sana kwa ajili yake.

Wiki iliyofuata Bi Somoe akaja ofisini. Ng'ombe wa baba mdogo walikuwa wameingia kwenye mbaazi zake mara tatu. Hakutaka ugomvi. Alitaka afisa aje aseme na wafugaji wote kwa jumla, jina lake lisitajwe. Nilimwandikia mimi mwenyewe. Tulipomaliza akaniinamia.

"Mjukuu, haya maneno hayatoki?"

"Hayatoki, bibi."

"Na nyumbani je? Husemi?"

"Sisemi."

Na kweli sikusema. Nilikula sahani moja na baba mdogo siku zote hizo, nimefunga mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Kumbe faili lilikuwa wazi.

Mkulima mmoja wa Nkowe, alipokuwa anatazama malalamiko yake kwenye simu, alibadilisha namba ya mwisho akaweka inayofuata. Ikafunguka. Akajaribu nyingine, ikafunguka. Kufika mchana malalamiko yote yalikuwa kwenye makundi ya WhatsApp. Baba mdogo alikuwa mnadani Ruangwa. Mtu hata asiyemfahamu akamsomea jina lake mbele ya watu, na la Bi Somoe kama mlalamikaji.

Alirudi jioni, akala. Alisema tu, "Nyumba yangu ni ile pale. Si angeniita?"

Tangu asubuhi iliyofuata kidumu kikawa kinarudi kimejaa maziwa yetu yaleyale, na kitambaa cha juu hakijafunguliwa. Si kwamba Bi Somoe alinuna. Aliona haya, mama, na haya zile nilimpa mimi.

Ofisini nilibadilisha masharti siku ileile: mtu baki asisome chochote. Nikajiona nimemaliza. Nikalijaribu faili la Bi Somoe, likafunguka vilevile. Masharti mapya yanashika yatakayozaliwa. Yaliyokwisha kuzaliwa hayaguswi. Nikarudi kuyafunga ya zamani, na yale yaliyokwisha kuingia kwenye simu za watu sikuwa na la kuyafanya. Mkuu wangu akasema tutangaze kwamba ni hitilafu ya mtandao. Nikaitikia ndiyo. Nimejichukia kwa ndiyo ile.

Jumamosi nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa Bi Somoe. Alikuwa anapepeta mbaazi. Nikamwambia hakuna hitilafu yoyote, ni mimi niliyeacha wazi. Hakusimamisha ungo wake.

"Mimi nilikuuliza wewe," akasema. "Mashine sikuiuliza."

Akamwaga makapi. Baadaye akasema, "Baba yako anadhani nimemtangaza. Kamwambie. Nikisema mimi, ataona najitetea."

Nilimkuta baba mdogo zizini. Huyu ndiye aliyenipa chumba, mama, ndiye anayejisifu kwa wafugaji wenzake kwamba mwanawe anaendesha kompyuta ya wilaya mbili. Nilisema yote. Mkuu wangu akisikia, huenda kazi ikaisha. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe yule mama alikuwa ananisitiri," akasema. Akachukua panga akaenda kukata miiba ya kuziba njia ya ng'ombe kule kwenye mbaazi. Alipofika mlangoni pa zizi akageuka. "Kuanzia kesho kidumu unapeleka wewe."

Leo ni siku ya nne. Nabisha hodi, ananipokea vizuri, anauliza habari za nyumbani, kisha ananirudishia kidumu kimejaa. Jana nikamwomba, bibi, onja hata kidogo. Akasema, "Moyo bado, mjukuu. Wewe lete."

Basi kesho nitapeleka tena.

Nisalimie dada Kabula, mwambie aache kuwaibia watoto kwenye bao. Nisalimie shangazi wa dagaa, na babu, mlinzi wa zizi asiyelala. Ukishaisoma barua hii peke yako, mwite baba umsomee yote kwa sauti, usiruke kitu. Masanja ni mdogo wake. Sitaki naye alisikie hili kwenye simu ya mtu baki.

Mimi mwanao,
Mabula