Mkwe Aliyeingia Muhogoni

Bulumbi, Busia

Kwa kaka yangu mpendwa Oundo,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto huko Nakuru hamjambo. Sisi ni wazima, ila mahindi yanaliwa na viwavi na masikio yangu yameliwa na magari.

Uliniuliza kama wazee wa Ofumbi waje kumposa binti yangu Justine au wasije. Jibu nilikuwa nalo tayari: wasithubutu. Kaka, mwanamume mzima, mtoto wa wakulima wa Iyolwa, kazi yake ni kukimbiza gari la mashindano nchi hadi nchi, halafu anarudi palepale alipoanzia! Kenya alivunja ekseli. Tanzania alipotea, na kando yake ameketi Obore, ambaye kazi yake yote ni kumsomea njia. Rwanda aligeuza gari magurudumu juu, akapiga nalo picha akicheka. Justine alinionyesha picha ile kana kwamba ni shahada. Nikamwambia hata mbuzi akianguka huona haya. Na pamoja na hayo yote eti ndiye aliyekuwa anaongoza msimu mzima. Hao wenzake sijui wakoje.

Mbio za mwisho zikaletwa hapa Bulumbi. Vijana wenye fulana za njano walifunga utepe kandokando ya barabara, wakatuamuru tuanue mihogo tuliyoanika na tufunge mbuzi. Barabara yetu wenyewe! Watu wazima na akili zao wakapanda vichuguu kungojea vumbi. Mimi nilikwenda peke yangu kwenye kona ya kisimani, nikasimama ili anione, ajue ninavyomdharau.

Akatokea. Unajua kwetu mkwe akikutana na mama mkwe humwachia njia, akapita porini, wala hawatazamani. Basi Ofumbi aliponiona, akaniachia njia. Kwa gari! Aliingia kwenye shamba la muhogo la Mzee Ecweru, gari likabiringika, na ubingwa ukaishia hapo.

Alitoka ameshika mkono uliovunjika. Hakunisogelea. Aliketi akanipa mgongo, akamtuma Obore, naye akaniambia, "Mama, yeye anasema pole kwa vumbi." Watu walipofika walimcheka, wakamwita mjinga. Ni mjinga kweli, sikatai. Lakini mimi nilikuwa nimemkataa, na yeye tayari alikuwa ananiheshimu kama mama mkwe. Nililia, kaka, na leso sikuwa nayo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Justine hajui. Nilikuwa nimevuka utepe. Nilisimama katikati ya barabara, makusudi. Waandaaji walipomuuliza Ofumbi, alisema kona ilimshinda. Angesema ukweli huenda wangemfikiria kuhusu ubingwa. Hakunitaja.

Wazee waje. Gari libaki kwao Tororo.

Wasalimie wifi na watoto wote. Nawe usikose siku hiyo, uutazame vizuri ule mkono wake uniambie kama umeunga, maana mimi sasa siruhusiwi kumtazama.

Dada yako,
Taaka